Sauti ya Gitare Yetu: Kutoka Mikro Moja Mpaka Njia Ishirini na Nne



Mwaka jana, wakati wa likizo, nilikaa mwezi mzima kwa baba yangu mukubwa, kule Katuba, hapa Lubumbashi. Ni muzee wa miaka 72. Katika miaka ya 1970 alikuwa anapiga mi-solo katika orkestra moja ya hapa mjini. Wale waliosoma elektroniki pamoja na mimi wananijua: nikiona kitu kiko na waya, lazima nikifungue. Sasa chini ya kitanda cha muzee kulikuwa ampli ya lampi, imefunikwa na kitenge cha zamani, zaidi ya miaka ishirini haijawashwa. Nikamwomba ruhusa niitengeneze. Akaniangalia, akacheka.

"Mutoto wangu, ile kintu unaitafutia nini? Siku hizi si munapigaka gitare ndani ya ordinateur?"

Nikakosa jibu. Swali lile njo limenileta kuandika. Sisi Wakongo tunajua majina ya waimbaji, tunajua nani alitoka orkestra gani akaingia gani, tunajua hata nani aligombana na nani. Lakini sauti yenyewe ya gitare, ile sauti safi inayotambulikana kama yetu hata Abidjan ao Nairobi, ilitoka wapi? Nani aliitengeneza, na kwa vyombo gani? Leo niwaeleze kile nilichokikusanya, na kile nilichojifunza kwa mikono yangu nikiwa na bisibisi kwa muzee.

1. Kabla ya umeme

Tuanze hapa kwetu Katanga. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anaishi Afrika ya Kusini na kuzunguka bara akirekodi muziki, alifika Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Kule akakutana na kijana mmoja, Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ukavuka mipaka, na wapiga gitare wa Afrika ya Mashariki wakaanza kujifunza kupiga kama yeye.

Sikiliza rekodi ile vizuri. Ni gitare moja tu, haina waya wala ampli. Mwenda alikuwa anapiga kwa vidole viwili, kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika besi, kidole cha pili kinaimba juu. Mutu asiyejua anaapa kwamba ni gitare mbili. Mashini zilikuwa bado zinahangaika kugawa muziki katika njia mbili, na mkono wa kijana wa Katanga ulikuwa umekwisha kujua.

Kule Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, biashara ya diski ilikuwa imeanza. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jeronimidis alifungua nyumba ya diski iliyoitwa Ngoma. Mwaka ule ule Wendo Kolosoy aliimba "Marie-Louise", na Henri Bowane akapiga gitare. Kisha Opika ikafunguliwa, na mwaka 1950 Mgiriki mwingine, Papadimitriou, akafungua Loningisa. Wenye nyumba hizi walikuwa wafanyabiashara. Waliona kwamba mutu anayenunua gramofoni anahitaji kitu cha kuweka juu yake.

Kurekodi kwa mikro moja ni kazi ya kupanga watu. Hakuna kifungo cha kupandisha gitare na kushusha ngoma. Njia moja tu iko: umbali. Mwimbaji anasimama karibu, gitare kando kidogo, ngoma nyuma kabisa. Ukitaka gitare isikike zaidi, unamwambia mpigaji asogee hatua moja. Na mutu akikosea kwenye dakika ya mwisho, wote wanarudi mwanzo, hata yule aliyepiga vizuri. Kwa hiyo mazoezi yalikuwa mengi. Diski ya wakati ule ilikuwa inachukua kama dakika tatu kila upande, na dakika zile tatu lazima zitoke mara moja, bila kuunga.

2. Sumaku, bobini na lampi

Mwaka 1953 fundi wa gitare kutoka Ubelgiji, Bill Alexandre, alifika Léopoldville kufanya kazi na nyumba ya diski iliyoitwa CEFA. Yeye njo anayetajwa mara nyingi kwamba alileta gitare ya umeme katika muziki wa mji ule. Mwaka ule ule kijana wa miaka 15, François Luambo, ambaye tunamjua kama Franco, alianza kurekodi kwa Loningisa. Na Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz, ambamo Nicolas Kasanda, Docteur Nico, alikuja kuwa fundi wa gitare. Kwa hiyo gitare ya umeme na wale mafundi wawili wakubwa walikutana karibu wakati mmoja.

Gitare ya umeme inafanya kazi namna gani? Chini ya kamba kunakuwa sumaku ndogo, na kuzunguka sumaku kuna bobini, waya mwembamba uliozungushwa mara elfu kadhaa. Kamba ni ya chuma. Ikitetemeka, inasumbua nguvu ya sumaku, na bobini inazaa umeme mdogo sana, mara nyingi chini ya volti moja. Ule umeme unapita katika waya mpaka kwa ampli. Ndani ya ampli, lampi zinaukuza mpaka uweze kusukuma karatasi ya baffle. Kwa hiyo tunachosikia kwenye gitare ya umeme ni baffle ikiongea. Mbao inachangia kidogo tu. Mpigaji anakuwa na vyombo viwili: kimoja mkononi, kingine chini mbele ya miguu yake.

Hapa njo mambo mengi yanaanzia. Lampi haiwezi kukuza umeme bila mwisho. Ukiisukuma kupita uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi. Wimbi lililokuwa la mviringo linatoka likiwa bapa juu na chini, na pale sauti mpya zinazaliwa, ambazo hazikutoka kwenye kamba. Ukisukuma kidogo, sauti inakuwa nene na yenye joto. Ukisukuma sana, inapasuka.

Huko Marekani, kupasuka huku kulianza kama ajali. Mwaka 1951, Memphis, kundi la Ike Turner lilirekodi "Rocket 88" kwa Sam Phillips na ampli iliyokuwa imeharibika njiani. Inasemekana walishindilia karatasi ndani ili baffle ishikilie, na ile sauti ya kukwaruza ikabaki kwenye diski. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa baffle zake kwa makusudi ili apate sauti ya "Rumble". Mwaka 1964, London, Dave Davies wa The Kinks alikata karatasi ya baffle kwa wembe. Halafu akaja Jimi Hendrix na ampli kubwa za Marshall, na dunia nzima ikafikiri kwamba gitare ya umeme ni ile inayolia na kupasuka.

3. Kwa nini sisi hatukupasua?

Swali hili lilinisumbua sana. Ampli zilikuwa zinatoka viwanda vya Ulaya na Marekani, lampi ni zile zile. Kwa nini Franco na Nico hawakwenda njia ile? Wengine watasema ni utamaduni, wengine watasema ni ladha. Mimi nataka kuongeza jibu la hesabu, juu nilisoma hesabu na nililiona kwenye ampli ya muzee.

Gitare yetu inapenda kuimba kwa kamba mbili pamoja, zikifuatana kama dada wawili: sauti moja na ya tatu yake, ao moja na ya sita yake. Franco alijulikana sana kwa mchezo huu. Sasa chukua sauti ya hezi 440 na ya tatu yake, ambayo kwenye gitare ni karibu hezi 554. Ampli ikiwa safi, unasikia zile mbili tu. Ampli ikipasuka, inazaa pia tofauti yao: 554 ukitoa 440, unapata 114. Hiyo 114 iko karibu na 110, ambayo ni 440 iliyoshushwa mara mbili chini, lakini haiko juu yake kabisa. Sikio linasikia tope. Chukua sasa 440 na ya tano yake, karibu hezi 659. Tofauti ni 219, karibu kabisa na 220. Pale hakuna tope, kuna besi inayoongezeka. Njo maana wapiga roki wanaopasua ampli wanapenda kupiga ya kwanza na ya tano, na wanaogopa ya tatu.

Halafu sisi hatukuwa na gitare moja. Tulikuwa na akompanyema, tulikuwa na solo, na katikati ikaingia mi-solo. Kila moja inapiga kipande chake kidogo, na vipande vinashikana kama vidole vya mikono miwili. Gitare tatu zikipasuka pamoja, vipande vinayeyuka, hakuna anayejua nani amepiga nini. Sauti safi ilikuwa lazima ya kazi. Mutu akitaka kujaza mahali, anatumia mwangwi, anatumia kamba mbili, anapandisha sauti za juu kwenye ampli ili gitare ikate katikati ya ngoma na tarumbeta. Nico alikwenda mbali zaidi: baadaye akaingiza gitare ya Hawaï, ile inayotelezesha sauti, na akaifanya iongee Kikongo chetu.

Nilipomweleza baba mukubwa hesabu hii, alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Miye sikusoma hizo hezi. Lakini tulikuwa tunajua. Ampli ikianza kulia, solo anakuangalia na macho mubaya."

4. Muamerika na gitare nane

Wakati sisi tulikuwa tunapanga watu mbele ya mikro moja, Muamerika mmoja alikuwa amechoka kupanga watu. Jina lake Les Paul, mpiga gitare na mgunduzi. Mwaka 1948 alitoa "Lover", wimbo wenye gitare nane, zote amepiga yeye peke yake. Alikuwa anarekodi kwenye diski moja, anaipiga diski ile huku anaongeza gitare ya pili kwenye diski nyingine, na kuendelea hivyo. Baadaye akapata mashini ya kanda ya sumaku ya Ampex, na mwaka 1951 yeye na muke wake Mary Ford wakatoa "How High the Moon", na Marekani nzima ikaisikiliza.

Lakini njia ile ilikuwa na ukali wake. Kila akiongeza sauti mpya, ya zamani inarekodiwa tena pamoja nayo, na kelele ya kanda inaongezeka. Na akikosea kwenye safari ya saba, zile sita zote zimekufa, anaanza upya. Dawa yake ikawa mashini yenye njia nyingi. Mafundi wanaziita piste. Mimi nitasema njia. Kanda ni moja, pana, lakini imegawanywa kama barabara yenye mistari: kila gitare inatembea katika mstari wake, haimgusi mwenzake. Mwaka 1957 Ampex ilimpa Les Paul mashini ya njia nane.

Ugumu ulikuwa pale kwenye kichwa cha mashini. Kichwa kinachosoma na kichwa kinachoandika vimewekwa mbalimbali. Ukisikiliza kichwa cha kusoma huku unaandika kwenye kingine, kile unachokiongeza kinachelewa. Wahandisi wakafanya kichwa cha kuandika kiweze pia kusoma zile njia zilizokwisha kujaa. Hapo gitare ya leo ikaweza kukaa sawasawa na ngoma ya jana. Kitu kidogo kama hiki kiligeuza muziki wa dunia. Mwaka 1967 The Beatles walitengeneza "Sgt. Pepper" kwa mashini za njia nne tu. Miaka michache baadaye studio kubwa zilikuwa na njia 16, kisha 24.

5. Brussels, Nairobi, Paris

Januari 1960, viongozi wetu walikuwa Brussels kwenye Meza ya Mviringo, wanadai uhuru. Kabasele na African Jazz walikuwa kule pia, pamoja na Docteur Nico na ndugu yake Dechaud kwenye gitare, na wengine kutoka OK Jazz, kama Vicky Longomba na Brazzos. Kule kule Brussels wakarekodi "Indépendance Cha Cha". Ninyi mnaijua, sina haja kuieleza. Lakini safari nyingine muisikilize bila kufuata maneno, mufuate gitare tu. Kila noti iko wazi.

Tangu pale, Brussels na Paris zikawa sehemu ya njia ya muziki wetu. Kwa sisi watu wa mashariki na kusini njia nyingine ilielekea Nairobi, juu kule kulikuwa studio na viwanda vya kutoa diski. Super Mazembe walifika Nairobi mwaka 1974. Les Mangelepa wakazaliwa kule mwaka 1976, kutoka kwa wanamuziki wa Baba Gaston. Wakaimba Kiswahili na Kilingala, na gitare zile zile zinazoshikana zikaingia katika masikio ya Wakenya na Watanzania mpaka leo.

Orkestra ya baba mukubwa haikufika Nairobi. Lakini na wao walisafiri siku kadhaa kwenda kurekodi nyimbo sita katika studio moja, ambayo sitaitaja, juu wenyewe hawako tena wa kujibu. Walirekodi siku mbili. Nyimbo mbili zikatoka kwenye diski. Nne zilibaki kwenye kanda, zikingojea pesa. Miaka miwili baadaye mwenzao mmoja alikwenda kuuliza. Wakamwambia kanda zilitumika tena: wengine wamekwisha kurekodi juu yake. Kanda ilikuwa na bei, na nyimbo za vijana wa Lubumbashi hazikuwa na mutetezi. Muzee aliniambia habari hii akiwa anamenya ndizi, bila kupandisha sauti. Mimi njo nilikosa usingizi.

Miaka ya 1980 mchezo uligeuka tena. Paris ilijaa wanamuziki wetu. Mwaka 1981 Kanda Bongo Man alitoa "Iyole", na gitare ya Diblo Dibala ikiwa mbele kabisa, bila kungojea sebene ifike mwishoni. Katika studio za njia 24 hakukuwa haja tena ya kuleta orkestra ya watu kumi na tano. Ngoma inaweza kutoka kwa mashini. Fundi mmoja wa gitare anaweza kupiga akompanyema asubuhi, mi-solo saa sita, solo jioni, na gitare zote tatu zikawa vidole vyake. Sauti ikawa safi kuliko zamani, kila chombo kimeoshwa peke yake, mwangwi umewekwa kwa kipimo.

Je, tulipata ao tulipoteza? Naona vyote viwili. Tulipata sauti iliyoweza kushindana kwenye soko la dunia. Wanamuziki wachache waliweza kuishi ugenini bila kulisha orkestra nzima. Lakini mutu wa mi-solo alipoteza kazi, ao alibaki bila jina kwenye diski. Na kuna kitu kingine. Ukipiga mbele ya kanda iliyokwisha kurekodiwa, wewe unamfuata mwenzako, lakini yeye hakufuati. Hawezi kukusikia.

6. Mtihani wa Konono

Kabla mutu hajaniambia kwamba Mkongo hajui kupasua sauti, niwakumbushe Konono N°1. Mawangu Mingiedi, muzee wa Bakongo, aliweka likembe mjini Kinshasa, na kelele za mji zikaimeza. Akafanya kile Muamerika alichofanya kwa kamba: akaweka sumaku na bobini karibu na vyuma vya likembe, vifaa vilivyotoka kwenye magari mabovu. Sauti ikapitia ampli za kubahatisha na vipaza sauti vya zamani, ikatoka imepasuka vibaya sana, na tamu sana. Yeye hakutaka kuondoa ile kelele, aliifanya sehemu ya muziki. Diski yao "Congotronics", iliyotolewa na nyumba ya Kibelgiji Crammed Discs katikati ya miaka ya 2000, iliwashangaza Wazungu wa roki.

Kwa hiyo sauti safi ya gitare yetu haikutokana na kutojua, na kupasuka kwa likembe hakukutokana na umaskini peke yake. Kila fundi alisikiliza chombo chake kinahitaji nini.

7. Katuba, saa kumi na moja ya jioni

Ampli ya muzee ilinichukua siku tisa. Neno moja kwa wenye kupenda kufungua vitu: ampli ya lampi inabeba ndani volti 300, 400 ao zaidi, na kondensateri zinaweza kuzishika hata baada ya kutoa prizi. Uzitoe umeme kwanza, upime, njo uguse. Nilibadilisha kondensateri, nikasafisha miguu ya lampi, nikapata lampi mbili za mtumba. Ikawaka.

Kwanza nilijaribu njia ya vijana: gitare moja kwa moja ndani ya ordinateur, na programu inayoiga ampli. Nilikuwa nimesahau kuiwasha ile programu. Muzee akasikiliza. "Hii sauti haina pumzi." Alikuwa na haki. Baffle ya gitare haitoi sana sauti za juu kupita hezi 5 000 hivi. Inakata ule ukali. Gitare ikienda moja kwa moja bila baffle, wala ya kuigwa, ukali wote unabaki na inasikika kama waya. Nilipowasha programu ikawa afadhali, lakini yeye alitaka yake. Tukaweka mikro mbele ya ampli. Katikati ya karatasi, sauti inakata. Ukisogeza mikro kuelekea ukingo, inalainika. Yeye mwenyewe njo alichagua mahali: vidole vitatu kutoka katikati.

Jambo moja lilinifundisha kuliko vitabu. Mchana ampli ilikuwa safi. Kufika saa kumi na moja ya jioni, watu wote wa avenue wanawasha réchaud, umeme unashuka. Nikapima: badala ya 220 tulikuwa na 170. Volti za lampi zikashuka pia, na gitare ikaanza kupasuka mapema, hata kwa sauti ya chini. Muzee akatabasamu. "Zamani tulikuwa tunajua courant imeshuka kwa kusikia mi-solo."

Nilitaka apige vipande vyote vitatu peke yake, njia moja moja, kama Les Paul. Akakataa. Alisema mi-solo ni mutu anayejibu, na huwezi kumjibu mutu ambaye hayuko. Akamwita kijana wa jirani anayepiga gitare kanisani. Wakakaa uso kwa uso, ampli mbili, mikro mbili, njia mbili. Sauti ya mmoja iliingia kidogo katika mikro ya mwingine, kosa ambalo nilifundishwa kuliepuka. Niliacha. Zile nyimbo nne zilizofutwa alikuwa anazikumbuka zote. Ya kwanza tukaipata siku ya kwanza, ya pili siku ya tatu. Siku ya tano mkono wake wa kushoto ukaanza kutetemeka, ile ugonjwa yake ya siku nyingi. Ya tatu tuliipata nusu.

Ya nne hatukuipata. Aliniimbia kwa mdomo sehemu ya mi-solo, nikamrekodi na simu. Sehemu ya solo alikuwa nayo rafiki yake, na rafiki yake alikufa zamani.

Wandugu, mimi sina pesa za kufungua nyumba ya kuhifadhi muziki, na wengi wenu hamuna. Lakini kila mmoja wetu iko na simu, na kila mtaa uko na muzee mmoja aliyepiga gitare, tarumbeta ao tumba katika orkestra ambayo hakuna kitabu kinachoitaja. Nenda kwake. Mwombe apige, na kama mkono umekataa, aimbe. Uandike jina lake, jina la orkestra, mwaka, na nani alikuwa na mi-solo. Usiweke kwenye simu tu; nakili mahali pawili ao patatu, juu kanda za wakati wetu nazo zinafutika.

Muzee wenu wa mtaani ni nani? Alipiga nini? Mniandikie hapa chini. Na kama kuna mutu ambaye baba yake alipiga solo hapa Lubumbashi miaka ile, anijulishe haraka. Baba mukubwa anasema bado anaweza kutambua sehemu ile akiisikia.